Vitundu

Thureya kaja na daftari la Kiingereza.
Mwalimu kataka maneno kumi ya kubadilika na kurudi nyuma.
Anayo sita. Aniuliza mimi,
fundi wa cherehani, Mtaa wa Biashara,
pini nne mdomoni,
gauni la mtu limepinduliwa magotini.

Nikazitema pini. Mwanangu, Kiingereza changu
ni cha zipu na saizi.
Andika chenji: zile shilingi arobaini
mteja huzisahau, akazikumbuka keshafika Kibokoni,
akarudi mbio na jasho na shaka.
Andika rivasi: lori la bandarini usiku
linavyokwenda kinyumenyume likilia pi, pi, pi,
kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa.
Zimekuwa nane.

"Hizo za kwetu, Mama."
Zilikuwa zao. Zimebadilika. Si ndilo swali?

Kiswahili hakijisumbui kutafuta neno jingine.
Huchukua lile lile la jana, kikalitia mkia:
funga, fungua. Ziba, zibua.
Nguo uliyoianika asubuhi, mvua ikitisha, waianua.
Mkia ni ule ule, ua,
na ukiukata ukausimamisha peke yake
ni kutoa roho, au ni asmini.
Chagua. Hata hilo lina mkia.

Lakini si kila kitu kina njia ya kurudia.
Pika haina pikua; wali ukishaungua umeungua.
Kata inayo katua, ndiyo,
ila katua ni kusugua shaba hadi ing'are,
haijapata kuunga kitambaa kilichokatwa vibaya.
Nimejaribu, mwenye nguo akilia mbele yangu.
Sema haina semua.

Hapo nikanyamaza. Mengine si ya daftari.

Babake alisema neno moja
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.
Talaka moja, rejea. Ina mlango wa nyuma,
na ufunguo akaondoka nao yeye, hadi Ukunda.
Nikakaa eda. Kalenda ya ukutani sikuitazama,
mwili wenyewe ndio karani,
na siku ya mwisho ulipiga muhuri saa kumi na moja jioni,
nikipinda kanzu ya mtu.
Akaja Isha. Halua mkononi, kilo nzima.
"Nimekurejea, Mwanamize," akasema dirishani.
Feri moja imeharibika, akasema,
foleni imefika hata hakuonekana mwisho.

Feri ya Likoni haina mbele wala nyuma,
huenda bila kugeuka, hurudi bila kugeuka.
Labda ndiyo iliyomfunza.

Nikamwambia, Bwanaheri, neno lako limechacha.
Kilichobaki ni posa, na mahari, na mashahidi,
na katikati yake pana pahali pangu pa kujibu.
Mara ya kwanza, nilipoulizwa, nilinyamaza,
na kimya changu wakakipokea kama ndiyo.
Halua niliichukua.
Jibu bado.

Sasa hili gauni. Mwenyewe kanenepa, ataka lipanuliwe.
Nafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja,
na palipopita sindano pamebaki vitundu,
safu nzima, kama sisimizi waliosimamishwa njiani.
Pasi haivifuti. Maji hayavifuti.
Kesho atalivaa, ajitazame kiooni, aseme: kama jipya!
Sitambishia. Nitatafuta chenji.

Thureya kalala juu ya daftari.
Amefika tisa. Hilo la tisa siwezi kulisoma:
aliliandika, akalifuta, akaliandika papo hapo, akalifuta,
hata ufutio umetoboa karatasi,
na ninapoiinua kwenye taa
mwanga wapita.