Thumni ya Yai

Mapishi ya mama ni ya watu wanane:
mayai matatu, siagi kiasi cha ngumi.
Leo tu ishirini na mmoja.
Nikaiuliza simu, nayo haikusita:
mayai saba, nukta nane saba tano.

Saa nne asubuhi, jikoni kwangu Ribe,
nimesimama na yai la nane mkononi
natafuta kisu kinachojua kukata thumni.
Nikalipasua kikombeni, nikalikoroga,
nikamimina mpaka jicho likasema basi.
Kilichobaki nikakifunika kwa kisahani.

Baba alizaliwa tarehe ishirini na tisa Februari.
Mwaka jana fomu ya bima ilimkatalia:
Tarehe hiyo haipo.
Thorkild akacheka hadi meno ya bandia yakamcheza.
"Sipo," akawatangazia majirani, "nimethibitishiwa."
Leo tarehe ipo. Ametimiza sabini na sita,
au kumi na tisa, inategemea nani anahesabu.

Njia ya kwenda kisiwani kwake ni changarawe
iliyolazwa juu ya matope ya bahari.
Mara mbili kwa siku maji huja kuichukua,
mara mbili huirudisha, na mwani juu yake.
Simu inaijua kama barabara.
Dakika kumi na moja, inasema.
Hakuna msongamano.
Na kweli hakuna:
bahari haipigi honi.

Niko juu ya tuta, breki nimeivuta,
keki imefungwa mkanda kiti cha mbele kama mgeni wa heshima.
Fito za kuonyesha njia zimechomoza majini,
kila moja fupi kuliko iliyotangulia.
Kale kadoa ka buluu kananiweka
mita mia mbili ndani ya maji,
nikiendelea na safari.

Baba anapiga. "Unaona fito ngapi?"
Nahesabu. Kumi na nne.
"Subiri uone thelathini. Saa moja tu."
Saa moja ikapita. Nikaona kumi na mbili.
Kumbe maji yalikuwa bado yanajaa,
upepo wa magharibi ukiyasukuma,
na mzee, kwenye jedwali lake la ukutani,
alikuwa amesoma safu ya jana.

Sikumwambia.
Simu nayo, kila nilipoiamsha,
ilirudia kwa imani ile ile, kumi na moja, kumi na moja,
kama mtoto aliyefundishwa jibu moja.

Giza lilipoingia, fito zikarefuka.
Nikavuka polepole, mwani ukisagika chini ya magurudumu,
dakika ishirini na sita.
"Umefika," ikasema,
mbele ya zizi la kondoo la Ingelise,
nusu kilomita kabla ya nyumba.

Kondoo wakanitazama. Nikawashukuru, nikaendelea.

Baba alitoka na tochi, soksi ndani ya kandambili,
akafungua keki palepale juu ya boneti
akachota krimu kwa kidole.
"Umetia mayai mangapi?"
"Saba na kitu."
Akaitikia kwa kichwa, kama karani aliyeona
vitabu vyake vimelingana.

Mishumaa tulichomeka kumi na tisa.
Mmoja ulikataa kuwaka.
Na ile thumni ya yai ingali kikombeni,
upande ule wa maji, chini ya kisahani.