Ng'ambo ya Meza

Leo tunawasha taa ya mafuta,
si ya harusi, wala umeme haukukatika.
Mama kayamimina kwenye glasi ya chai
iliyomeguka mdomo, ile ya Mori Yihya.

Mori, yaani mwalimu wangu. Majirani wa Kaloleni
walimwita Fundi Saa, nao hawakukosea:
mchana alipasua matumbo ya saa za watu;
Ijumaa, jua likielekea Monduli,
alifunga kibanda, akanawa hadi viwikoni,
akawa wetu.

Hakuwa mpole. Tuseme kweli, taa inasikia.
Ukikosea irabu moja alikugonga kidole
kwa bisibisi ileile ya saa.

Kabla yake alikuwepo Mori Saadya, mwenye sauti nene,
aliyekopa sukari nusu ya maduka ya Ngarenaro
akafa hajalipa,
na wenye maduka wakaja kumlilia.

Na kabla ya Saadya yupo mmoja tusiyemjua jina.
Mchwa wamekula ukurasa wa kwanza. Kilichobaki
ni mwandiko wake pembeni mwa zaburi:
Masika. Barabara imekatika. Tumekuwa saba.
Saba! Na sala ya jamii yataka kumi.
Sijui alifanya nini usiku ule.
Nadhani aliwahesabu tena.

Kitabu kilikuwa kimoja. Kimoja tu,
kilitoka Aden hadi Arusha ndani ya gunia la kahawa.
Mori alikaa mbele yake, mistari ikimtazama.
Kaka zangu, Hayimu na Menase, walikaa ubavuni,
wakajifunza herufi zikiwa zimelala.
Mimi, mdogo, msichana, niliyetumwa kuleta chai
nikasahau kuondoka,
nilibaki ng'ambo ya meza. Nikazijua herufi
miguu juu, vichwa chini,
kama popo.

Hayimu yuko Haifa. Menase hapokei simu siku ya Sabato,
wala siku nyingine.
Meru leo haukuonekana tangu asubuhi.
Tuko sita, na mtoto wa Rahma.

Wakaniambia: Tirza, soma wewe, si unajua.
Wakanisogezea kitabu kwa mikono miwili,
wakakiweka sawa, mistari ikinitazama mimi.
Nikakikodolea macho. Sikuitambua hata herufi moja.

Nikakigeuza.

Mtoto akacheka: shangazi hajui kusoma!
Sikumweleza. Nilisoma zaburi hadi mwisho,
nikataja majina mawili,
na mahali pa la tatu nikanyamaza
muda wa kulitamka jina,
kitabu kikiangalia ng'ambo ya meza,
kwenye kiti ambacho hatujawahi kukikalia.