Daftari la Nyuma

Mbele ya daftari, madeni:
Bi Asaa, sukari nusu, mafuta kibaba.
Kombo wa Jadida, sigara mbili, atalipa kesho,
kesho ya tangu Rajabu.
Nyuma, nikiligeuza kichwa chini,
naandika ya Shaame.

Kuku: tutu.
Mkate: tate.
Gari: dali.
Mie, shangazi yake Mkasi: Tati.
Ulimi wake haujaijua njia ya uani,
umekaa barazani mwa meno,
kila mgeni anapewa kiti hapo hapo.
Meno yenyewe hayajatimia.

Siku moja umeme umekatika Limbani nzima,
mtoto kasimama mlangoni: "Taa!"
Nikamletea kandili. Akatikisa kichwa.
Nikamwonyesha taa, samaki,
mkia unaning'inia kapuni mwa Faki. Hamtaki.
Labda makaa? Nikanyoosha kidole jikoni.
"Taa! Taa!" na machozi juu.
Kumbe kaa. Kaa wa pwani, kajitoma
chini ya gunia la mchele, gando nje.
Neno moja, vitu vinne,
na aliyepotea ni mie.

Nikamtania: "Ehe, taa."
Akanikazia macho kama mteja aliyepunjwa:
"Si taa. Taa!"
Kusikia anasikia.
Sikio limeshafika sokoni,
ulimi ungali nyumbani watafuta kiatu.

Usiku nikamkalisha juu ya kaunta,
nikatia unga wa ngano kiganjani.
Kaa la moto, nikasema. Unga ukatulia.
Kaa wa pwani. Unga ukaruka,
ukamwingia puani, akapiga chafya, akacheka.
Skuli hawakutwambia hili, herufi ni zile zile;
ni kipumzi tu kinachotenga moto na maji,
na mie, miaka arubaini nikikipuliza,
sikujua kuwa ninacho.

Bi Asaa akasema mwana huyu ana kitembe.
Nikamwambia alipe sukari kwanza.

Shaabani, k ikaja. Haikubisha hodi.
Alikuwa peke yake uani, anafukuza jogoo:
kuku, kuku, kuku, kuku,
kama mtu anayezungusha ufunguo
kwenye mlango uliokwisha kufunguka.
Nikachukua kalamu. Kuku, imelipwa. Mkate, imelipwa.
Gari bado ni dali,
na dhahabu na ghala, hizo hazina haraka.

Kisha asubuhi moja nimeinama kwenye pipa,
nasikia, "Mkasi! Mkate!"
nikageuka kutazama mteja gani kaingia.
Hapakuwa na mteja.
Kalamu ilikuwa sikioni. Niliiacha huko.

Juzi nimekwenda sokoni Wete, mtu mzima mie, na buibui langu,
nikauliza: tutu bei gani?
Muuzaji hakucheka.
Jike elfu kumi na tano, akasema,
jogoo tuzungumze.