Dirisha la Pili

Tukuyu, Agosti. Ukungu umeingia dukani
bila hodi, umekaa juu ya mashine ya kopi
kama mteja asiye na haraka.
Nauza peni, bahasha, na mtandao kwa dakika.
Kompyuta ni moja, na kibodi yake imekufa herufi E,
kwa hiyo kila jina lenye E
nalinakili kwingine, nalibandika.

Tusekile ana E mbili.

Amekuja na matokeo ndani ya mfuko wa sukari:
Biolojia B, Kemia C, Fizikia D.
Nyuma yake baba, buti zina udongo wa shamba la chai,
mkono umeshika ukingo wa meza
kana kwamba duka linataka kuondoka.
"Andika udaktari," ananiambia mimi, si binti.
"Chaguo la kwanza, udaktari."

Nami najua D ya Fizikia hufika wapi.
Yangu ilikuwa F.
Ndiyo maana nakaa upande huu wa meza.

Binti hakubisha. Alisema tu, macho kwenye kioo:
"Bibi alipolazwa, daktari alipita dakika nne.
Nilihesabu kwa saa ya ukutani.
Muuguzi alimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku kucha,
akamkanda mgongo, akamuulizia ng'ombe wake
kwa majina."

Mzee akakohoa.
"Hata Shilingi, yule aliyekatika pembe?"
"Hata Shilingi."
"Haya. Andika anavyotaka,"
akatoka nje kutazama mvua
ambayo haikuwa ikinyesha.

Nikaandika. Uuguzi. Uuguzi. Sayansi ya Maabara.
La nne Ualimu wa Kemia,
maana hata mwenye migomba mizuri
haachi kupanda maharage katikati.

Dirisha la kwanza likafungwa, jina halimo.
Dirisha! Utadhani kuna mtu ndani
anayekuona ulivyosimama na mwavuli.
Wiki mbili hakutokea. Nilimwona sokoni
anapanga parachichi kwa mafungu,
makubwa na madogo pamoja,
si makubwa juu kama wenzake.

Dirisha la pili tukaanza upya.
Ada ya maombi ilikuja kwa sarafu.
Nilizihesabu, zikazidi mia mbili, nikarudisha.
"Ndaga fijo, kaka Ipyana," akasema,
lakini hakukaa.

Halafu jina likatoka mara mbili, vyuo viwili,
na sharti: thibitisha kimoja kabla ya saa sita usiku,
kwa namba ya siri itakayotumwa kwenye simu.
Simu ipi? Ya mzee.
Mzee yuko wapi? Bondeni, kwenye chai.
Na simu? Imezimika tangu juzi.

Saa tano na robo mlango wangu ukagongwa.
Sijui alipanda vipi ule mlima na giza lile.
Sketi imelowa hadi magotini, simu kaikumbatia
ndani ya kanga, kama yai,
chaji asilimia tatu.
"Soma," nikamwambia, "pole pole."
Akasoma. Herufi ya nne ilikuwa E.
Tukatazamana, tukacheka
mpaka nikakosea, nikafuta, nikaanza tena,
naye mzee, aliyefika akihema nyuma yake,
akauliza mara tatu: "Mnacheka nini? Amekosa?"

Alisafiri mwishoni mwa Oktoba, na ndoo mpya,
na soksi za sufu ambazo huko aendako
pengine hatazihitaji.

Mashine ilikuwa imetoa nakala moja ya ziada
ya barua yake ya udahili, wino hafifu.
Karatasi ni pesa. Mgongoni mwake nimeandika
bei mpya za kopi na kuchapa,
nimeibandika kwenye kioo cha mbele.
Waliosimama nje husoma bei.
Mimi, kutoka upande huu,
nasoma jina, pamoja na E zake mbili.