Sanduku la Maelezo Mengine

Mashine mpya imewekwa chumba namba nne,
palipokuwa stoo ya mashuka.
Skrini, na kikasha cha kijivu
kinachovuma kama friji ya jirani.
Akili mnemba. Inasoma mapafu kwa sekunde kumi na moja.
Mie, na miaka yangu kumi na tisa ya eksirei,
bado natamani kuinua filamu dirishani
nisikie kwanza mwanga unasemaje.

Vua mkufu, mama. Shusha mabega.
Vuta pumzi, ishike.
Sikudhani Mbegu wa Vingunguti anavuta,
haifiki.
Inakatikia njiani kama maji ya bomba.
Anakohoa, anaomba radhi,
kana kwamba kikohozi ni mgeni
aliyekuja naye bila kualikwa.
Mlangoni mjukuu wake, Kondo, anahesabu vigae vya sakafu.

Skrini inaandika: kifua kikuu, asilimia themanini na saba.
Imepaka wekundu juu ya pafu la kulia.
Makohozi tumeyapima mara tatu,
mara tatu hakuna mdudu.
Mashine haioni haya. Themanini na saba.

Nageukia fomu.
Unavuta sigara? Hapana.
Umewahi kuvuta? Sijawahi.
Kuna mvutaji nyumbani? Marehemu alikuwa wa ugoro.
Fomu ikaridhika. Fomu ikashiba.
Nikauliza swali lisilo na kisanduku:
Mama, ukiamka, unashika kazi gani?

"Nachoma nyaya.
Nyuma ya machinjio, upande wa mto.
Vijana wanatuletea feni zilizokufa, chaja,
simu zilizovimba matumbo.
Tunawashia tairi, mkaa nani anauweza?
Plastiki ikishamaliza kulia, inabaki shaba.
Uisugue mchanga, ing'ae, uipeleke Gerezani kwa kilo.
Moshi? Aa, moshi ni mpangaji wetu,
halipi kodi na hahami."

Siidharau mashine. Imesoma.
Mwezi wa tatu ilimnasa kijana wa Buza
niliyempitisha mimi, saa tisa za usiku,
macho yangu yakiwa mazito kama mchanga wa mvua.
Leo kanenepa, anauza mitumba Ilala.
Tangu siku ile kila asubuhi
naifuta vumbi kwa pindo la koti langu.
Ila darasani kwake walikaa mapafu ya nani?
Nani aliionyesha kifua cha mchoma nyaya,
na ikiwa hakuna,
yenyewe ingejuaje kwamba hakuna?

"Sita," anasema Kondo mlangoni. "Saba."
Kimya.
"Moja."
Bibi yake anamtazama, kisha ananitazama mimi.
"Mwaka jana alikuwa anafika ishirini.
Mwalimu anasema ni utundu."

Sipimi damu hapa. Kipimo cha risasi hatuna,
na neno lenyewe ukilitamka kwenye foleni
watu wanadhani kuna mtu kapigwa bunduki.
Nimebaki na kisanduku cha mwisho kabisa,
chini, kidogo, Maelezo Mengine,
herufi mia moja, nafasi zikihesabiwa.
Jaribu wewe kuutia mto Msimbazi humo.
Jaribu kuutia upepo wa Agosti
unaoshusha moshi mpaka darasa la tatu,
watoto wakafunga madirisha
wakasoma ubao kwa kubahatisha.

Nikaandika kwa kidole kimoja:
*Anachoma nyaya, miaka sita, nyuma ya machinjio. Mjukuu alikuwa akihesabu hadi ishirini, sasa anaishi*

Hapo ikagoma.
Nilitaka kuandika: anaishia saba.
Nikabonyeza, nikabonyeza,
herufi moja tu, a,
haikuingia.
Kikasha kikavuma, kikapokea, kikashukuru.

"Imesemaje?" akauliza Sikudhani,
akivaa mkufu wake.
Nikamsomea neno la mwisho.
Akacheka mpaka kikohozi kikamkunja,
akashika ukingo wa meza.
"Anaishi," akasema. "Kumbe inajua."