Gramu Thelathini na Sita

Desmond Bagshaw amekuja na rula yake.
Huja kila Alhamisi, hukohoa mlangoni,
hufuta viatu mara mbili, kisha huinamia
meza yangu ya jikoni kama daktari
aliyeitwa kwa mgonjwa mbishi.
"Thirza," asema, "ribiti zimepungua mbili."

Zimepungua mbili. Haya.
Baba naye alipungukiwa vidole viwili,
mkono wa kulia, Februari, usiku wa ukungu,
kati ya bafa na bafa,
na hakuna aliyekuja na rula.

Behewa ninalolijenga laenea kiganjani.
Mbao saba kwenda juu,
mlango ubavuni, mlango mwingine kichwani,
na mstari mweupe wa mshazari
unaopanda kuelekea mlango ule wa kichwani,
ili mpakuaji, hata gizani, ajue wapi pa kuinamisha.
Herufi nyeupe zenye kivuli chekundu:
HALLAM NA WANAWE.
Wana wote wawili walikufa vitani.
Jina likaendelea kusafirisha makaa.

Kesi yetu kubwa ni rangi.
Picha zilizobaki hazina ila weusi na weupe.
Bagshaw aapa lilikuwa kijivu, kijivu cha risasi;
mjane wa mpaka rangi alisema samawati,
akafa kabla hatujamwuliza samawati ipi.
Mimi nakumbuka ile rangi ya juu ya rangi zote,
vumbi lililokaa kwenye kope za baba
kama wanja, hata siku ya ubatizo wangu,
mama akamsugua kwa taulo mbele ya kasisi.

Nimetwanga makaa ya kweli,
bonge la mwisho la banda letu pale Worksop,
ndani ya kinu alichotwangia mama chumvi.
Ajabu ya makaa: uyatwange utakavyo,
yanabaki makaa, yanang'aa vilevile.
Vingine vyote vimekubali kupunguzwa,
sehemu moja ya sabini na sita:
mhimili, breki, kutu, hata maandishi ya chaki
ya karani aliyekuwa na haraka.
Bagshaw alipiga hesabu ya uzito nyuma ya bahasha.
Tani kumi na sita, behewa na shehena yake,
hapa mezani ni gramu thelathini na sita.
Alifurahi sana. Akaipigia mstari.
Sikumwuliza vidole viwili
vingekuwa gramu ngapi.

Kuna mnyororo bado. Pete tatu tu.
Baba alizinasa kwa mti wenye kulabu,
akikimbia ubavuni mwa mabehewa yasiyosimama,
taa mkono mmoja, mvua shingoni.
Miye nina kibano, lenzi, na kiti chenye mto,
na pete moja imeshaniponyoka zulianI.
Nimeitafuta kwa magoti na tochi,
mwanamke wa miaka sabini na minne
akitukana zulia.

Wasemao kidole kimoja hakivunji chawa
hawakumwona Enoch Ollerenshaw
akinifunga kamba za viatu kwa vile vitatu,
fundo mbili, haraka, bila kuangalia,
huku akisikiliza yadi.

Maana yadi ilisikika hadi kitandani mwetu:
behewa likigonga behewa likigonga behewa,
mgongano ukikimbia mstari mzima
mpaka ukafia mbali, upande wa mgodini.
Mama alikuwa akihesabu. Nikijua anahesabu,
nami nahesabu naye, ukuta kati yetu.

Leo nimelisukuma hili kwa ncha ya kidole.
Limegusa mwenzake. Tik.
Bagshaw ameinua kichwa.
"Linakwenda vizuri," asema, akaomba chai,
akaisahau rula yake chini ya gazeti.

Zile ribiti mbili sijaziweka.
Alhamisi atazihesabu tena.