Kumjulia Mto Hali

Siku tatu tu nilipewa: Jumatatu foleni ya bima,
Jumanne macho, Jumatano miwani,
na usiku wake basi la Malindi.
Kahindi, mtoto wa mama mdogo, akanichorea ramani
nyuma ya karatasi ya mkate:
hapa stendi, hapa hospitali, hapa jengo refu.
"Ukipotea, tafuta jengo refu."
Majengo marefu yalikuwa kila upande,
kama jamaa siku ya kugawa urithi.

Nikajitungia kanuni yangu: ukipotea, teremka.
Mji huu una mabonde, na kila bonde lina maji,
na maji, mimi nayajua yanakoenda.
Yanakuja kwetu.

Nimezaliwa Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki.
Miaka hamsini na miwili mto huu umekuwa mgeni wetu.
Haupigi hodi, hauulizi kama tumelala,
unaingia na matope yake, magogo yake,
chupa, vifuniko, mwanasesere asiye na mkono,
unatandaza mzigo wote mchangani
kama mchuuzi aliyechelewa soko.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu tulimpa jembe, tukampa na shamba,
na mwaka wa mafuriko akalichukua lote.
Basi nikasema, Julai hii, na mimi nikaone kwao.

Kwao ni baridi. Nilivaa sweta ya mke wa Kahindi,
mikono mifupi, nikaonekana
kama mtu aliyerefuka usiku mmoja.
Chiromo nilimkuta angali kijana, mwembamba,
anaruka mawe, ana haraka ya aliyetumwa.
Nikamwita. Hakugeuka.
Ukoo wake hauna desturi ya kugeuka.

Jumanne daktari alinitia matone ya kupanua mboni.
Nje, mji mzima ukawaka.
Nikashuka Ngara kwa kupapasa, nikashika ukuta wa daraja,
na chini yangu, haki ya Mungu, fedha tupu,
fedha inayotiririka, inayojikunja kwenye nguzo.
Nilisimama pale hadi mama wa mahindi ya kuchoma
akaniuliza kama nimeibiwa.
Nikamwambia, tazama maji yalivyo mazuri.
Akayatazama. Akanitazama mimi.
"Kaa hapa kidogo," akasema, "ule hindi."
Hakutaka pesa.

Jumatano nikavaa miwani.
Sitasema niliyoyaona; mgonjwa hasimangwi na aliyekuja kumtazama.
Nilifuata ukingo toka Kariokor kuelekea Gikomba,
penye njia nikapita, pasipo njia nikauliza,
hadi kidaraja cha mbao cha vijana wawili,
ushuru shilingi kumi, mwenye mzigo ishirini.
"Mama, umetoka wapi?"
"Mwisho wa huu mto."
"Dandora?"
"Mbele."
Wakanyamaza. Mbele ya Dandora
hawakuwa wamewahi kuufikiria mto.

Ndipo akaja mtu na bunda la jinzi kichwani,
mbio, ubao ukateleza,
ndara ya kushoto ikamtoka, ikadondoka majini,
ikazunguka mara mbili, ikashika njia.
Aliitukana, akacheka, akaenda zake,
mguu mmoja unasema pa, mwingine kimya.

Kwetu zinafika mojamoja.
Binti yangu Jumwa ana gunia zima nyuma ya jiko.
Kila niokotapo huiuliza: mwenyewe yuko wapi,
amekufa maji, au yu hai anachechemea?
Sasa nimemwona. Yu hai. Ana haraka. Anauza jinzi.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie
kwamba basi langu litatangulia,
kwamba nitaisubiri: ni ya buluu,
ukanda wake umeshikizwa kwa waya wa shaba,
nitaijua tu.
Lakini Gikomba ilikwisha kummeza,
nami nikabaki na vijana wawili
wananidai kumi ya kurudi.